Nyumba Isiyofuka Moshi

Sculpin Cove, Newfoundland
9 Oktoba 2022

Mdogo wangu Eldred,

Pokea salamu zetu, za Baba zikitangulia kwa sababu amekaa hapa kando anaichunga kalamu yangu kama askari. Anasema nikuandikie kwamba yu mzima, kwamba meno yake mawili bado yanafanya kazi ya meno thelathini, na kwamba viazi vya mwaka huu ni vikubwa kuliko kichwa cha mchungaji. Mimi pia sijambo. Matunda ya porini yalikuwa mengi, nimefunga chupa kumi na nne za jemu, tatu ni zako ukija. Mke wa Mzee Hubert alianguka ngazini, hakikuvunjika kitu isipokuwa ngazi.

Baba anauliza kama huko Alberta theluji imeanza, na kama wale mabwana wa machimboni bado wanawalisha nyama kila siku. Anauliza utakuja lini, ila hilo huliuliza kila siku, hata paka ameshaulizwa.

Dada yako,
Melvina

Karatasi hii ya pili ni yako peke yako. Ya kwanza namsomea Baba kwa sauti, kwa hiyo ya siri uyajibu kwenye karatasi ya pili pia.

Gari la mafuta lilipita Jumanne. Bei ya mafuta ya kupashia nyumba joto imepanda karibu mara mbili ya mwaka juzi, dereva mwenyewe aliona haya kunitajia. Siku ulipotuletea ile mashine ya joto ulisema, "Dada, tangi nitalijaza mimi mpaka niingie kaburini." Miaka tisa umelijaza, sina neno. Safari hii ulichotuma kimefika robo ya tangi. Huenda kingine kiko njiani. Niambie tu, nijue napangaje. Pensheni ya Baba na kile kidogo ninachopata kwa kulinda nyumba ya Daktari ng'ambo ya ghuba vinatosha chakula na umeme, basi.


Fort McMurray, Alberta
30 Oktoba 2022

Baba na Dada,

Barua imefika ikiwa na doa la jemu pembeni, nimelilamba. Mimi ni mzima wa afya. Theluji huku imeshafika magotini. Baba, nyama tunakula mpaka tunaikimbia, na kazi ni nyingi kiasi kwamba msimamizi wetu anasema siku nikiugua mimi machimbo yatafungwa. Mchungaji mpe pole kwa kichwa chake.

Nitakuja Krismasi, au Pasaka, kazi ikiniachia. Tumieni anwani hii mpya niliyoandika juu ya bahasha. Nimehamia chumba kidogo, karibu zaidi na kazini.

Mwanenu,
Eldred

Ya pili. Dada, fedha imekwama kwa sababu kampuni inabadilisha taratibu za mishahara. Nipe wiki tatu. Washa mashine kama kawaida, usimbanie Baba joto. Na tafadhali usianze tena ile habari ya jiko.


Sculpin Cove
27 Novemba 2022

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwa mshindi. Baba amemfunga Mzee Hubert karata siku nne mfululizo, na Hubert anasema mtu wa miaka themanini na minane hawezi kushinda hivyo bila kuiba. Baba anasema kuiba pia ni akili. Theluji ilianguka Alhamisi, ikayeyuka, ikaanguka tena. Nimeisitisha simu ya nyumbani. Baba haisikii, na wewe ukipigiwa unachekacheka tu, kwa hiyo sioni tulichopoteza. Amefurahi kusikia unakula.

Melvina

Ya pili. Umeniambia nisianze habari ya jiko wakati sikuwa nimeianza, basi sasa naianza.

Lile jiko la kuni Baba alilinunua mwaka niliozaliwa mimi. Alilipakia kwenye mashua, akalibeba na wanaume watano kutoka gatini. Wewe ulikuja na mashine yako, ukasema watu wa bima hawataki jiko, na mzee wa miaka sabini na tisa hatakiwi kushika shoka. Yote ya kweli. Ukamwuzia Daktari wa mjini, awe nalo kama pambo kwenye nyumba anayokaa wiki sita za kiangazi. Baba hakusema kitu. Tulidhani ameridhika. Mimi pia nilidhani, na nilifurahi kuacha kuzoa majivu, kwa hiyo sikulaumu peke yako.

Lakini kila asubuhi navuka ghuba kwa mashua kwenda kuangalia kama nyumba ya mtu asiyekuwepo ina joto. Umeme wake umetegwa pale kwenye nyuzi kumi, mchana na usiku, mabomba yasigande. Na jiko letu limesimama pale limepakwa rangi nyeusi, juu yake kuna chungu cha maua makavu. Nikirudi nyumbani nakuta kwetu ni nyuzi nane.

Na kuna jambo lingine nimelifikiria. Unakumbuka zamani, watu wa hapa wakiamka hutazama madohani kwanza kabla ya kutazama bahari. Ikifika saa moja na dohani ya mtu haifuki moshi, jirani anavaa buti anakwenda kugonga. Ndivyo alivyopatikana marehemu Tryphena siku alipovunjika nyonga. Sisi tangu tuweke mashine hatufuki moshi, na hakuna anayetutazama. Sikwambii ili uumie. Nakwambia kwa kuwa wiki tatu zimepita.


Fort McMurray
18 Desemba 2022

Baba na Dada,

Krismasi njema. Baba, pongezi kwa karata, ila muache Hubert ashinde moja, asije akasusa kuja. Krismasi hii sitaweza kufika, msimamizi amenililia nisiondoke. Nimekutumia soksi za sufu. Nitakula nyama yako na yangu.

Eldred

Ya pili. Dada, fedha bado. Hamishia kitanda cha Baba jikoni, funga vyumba vya juu, tundika mablanketi milangoni. Mwambie Hubert hali ilivyo, ana kuni na ana hita za ziada. Tangi lina kiasi gani? Niambie ukweli.


Sculpin Cove
8 Januari 2023

Eldred,

Heri ya mwaka mpya kutoka kwetu wote. Soksi zimefika, Baba anazivaa zote mbili mguu mmoja kwa sababu ule mwingine anasema haujawahi kuona baridi. Kikohozi kidogo kimempata, lakini kila mtu hapa anakohoa.

Tangi lina nusu, niliongeza mafuta kwa akiba ya Baba. Usihangaike. Hubert sina la kumwambia. Baba yetu amewagawia watu wa hapa kuni miaka arobaini, sitakwenda mimi na kikapu kuomba kijiti. Fanya kazi yako, jitunze, ukipata utatuma.

Safari hii karatasi ni moja kwa kuwa hakuna la kuficha.

Melvina


Sculpin Cove
19 Februari 2023

Eldred,

Nakusalimu, na salamu ziishie hapo. Nilikupigia kutoka kliniki mara tatu, namba yako imefungwa. Kwa hiyo habari hii utaisoma wiki mbili baada ya watu wote kuijua, na hilo silipendi, lakini sikuwa na njia nyingine.

Kwanza, nilikudanganya. Tangi lilikauka tarehe tatu Januari. Nilipokuandikia kwamba lina nusu, tulikuwa jikoni na hita moja ya umeme, mablanketi milangoni, maji tunachota kwa ndoo kwa Daktari kwa sababu mabomba yetu yaligandia ukutani. Nilisema nitavumilia mpaka Machi. Hubert nilimzuia kuja kucheza karata, nikisingizia kikohozi cha Baba. Baba alijua kila kitu na hakulalamika hata mara moja, na hiyo ndiyo iliyonidanganya mimi.

Jumatatu ya juzi nilipanda gari la posta kwenda kliniki kumchukulia dawa ya kikohozi. Nilimwacha kitandani na chai kwenye chupa. Theluji ilianguka njiani, gari la kuzoa theluji likachelewa, sikurudi mpaka kesho yake mchana. Haya yafuatayo nimesimuliwa na Hubert, na wewe unamjua, hapunguzi.

Asubuhi hiyo ya Jumanne Hubert aliamka, akatazama madohani kama kawaida yake, akaona moshi kwa Daktari. Nyumba isiyo na mtu, Februari. Akadhani inaungua. Akaita wanaume wanne, wakavuka na ndoo na mashoka, wakafungua mlango kwa bega. Mlango haukuwa umefungwa, wakaanguka ndani wote watano.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha Daktari, kabaki na fulana, miguu kaiweka juu ya mlango wa jiko lake. Jiko linanguruma. Birika linachemka. Alichukua ufunguo wangu msumarini akavuka barafu ya ghuba peke yake na fimbo, kwenye theluji ile, na zile kuni za pambo ambazo Daktari amezipanga kikapuni miaka tisa bila kuziwasha, amezitia motoni zote, na kikapu pia.

"Mmechelewa," akawaambia. "Chai karibu inakauka."

"Azariah, unafanya nini kwenye nyumba ya watu?" Hubert akamwuliza.

"Nyumba ni yake. Jiko ni langu."

"Wewe uliliuza, bwana."

"Aliuza Eldred. Mimi nilinyamaza. Hujui tofauti?"

Wakacheka, Eldred. Walicheka mpaka mmoja wao akauliza kwa mzaha, "Kwani kwako hakuna joto, Mzee?" Baba akalisogeza birika pembeni. Akasema polepole, "Kwangu kuna mashine." Hapo Hubert akaacha kucheka. Alitoka akaenda kwetu mwenyewe. Aliona ndoo ya maji jikoni ina ngozi ya barafu juu.

Niliporudi nilimkuta Hubert amekaa kwenye ngazi yetu. Sijawahi kumwona mzee yule na machozi. Aliniambia, "Melvina, miaka yote tuliangalia moshi wenu. Mlipoacha kufuka tukaambiana mmeshatajirika. Ungesema neno moja tu." Nikasema nilitaka kulinda heshima ya Baba. Akaniuliza, "Na hii ndiyo heshima?" 

Mficha uchi hazai. Niliusikia msemo huo maisha yangu yote nikadhani unawahusu watu wengine.

Baba ana maji kwenye pafu. Muuguzi alikuja, akaitazama nyumba, akaandika aliyoyaona. Wamemchukua hospitali ya mjini, na akitoka huko anakwenda kwenye makao ya wazee, harudi hapa mpaka nyumba ithibitishwe kuwa na joto la uhakika. Nimepanga chumba mjini juu ya duka la dawa, nikae karibu naye. Daktari ameandika kwa adabu sana akitaka ufunguo wake.

Kama una fedha, Eldred, sasa hazihitajiki haraka. Namtaka mtu.

Melvina


Fort McMurray
7 Machi 2023

Dada,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama posta, nikaisoma tena nikiwa nimekaa chini.

Nilipunguzwa kazini tarehe kumi na mbili Septemba. Kabla hujaniandikia ile ya kwanza. Hakuna mishahara iliyobadilishwa taratibu wala msimamizi aliyelia. Chumba nilichohamia ni chini ya ardhi, tunalala watatu, nyama naiona kwenye matangazo. Nimekuwa nikizoa theluji kwenye maegesho ya maduka. Simu ilifungwa Januari.

Septemba ile nilikuwa na nauli ya kurudi nyumbani. Hili ndilo linalonitafuna. Nilikuwa nayo mkononi. Ningefika mwezi wa tisa, ningekuwa porini na msumeno, ningepata jiko lolote kuukuu, mngekuwa na moto. Lakini nilijiuliza nitaingiaje pale ghubani kwa miguu, mimi niliyeondoka nikiwaambia watu waje Alberta wajifunze kuishi. Nikaona bora nikutumie ile nauli iwe mafuta, niendelee kuitwa mtu wa Alberta. Robo ya tangi. Ndiyo bei niliyojiuza.

Nilipouza jiko nilidhani nampumzisha Baba. Naapa nilidhani hivyo. Alisimama mlangoni akitazama wanavyolibeba na mimi nikamwambia, "Baba, sasa utakuwa unabonyeza tu." Akasema, "Vizuri, mwanangu." Nimelisikia neno hilo wiki nzima.

Nakuja. Jamaa mmoja wa kule kwetu anaendesha gari kurudi, nachangia petroli. Usimwambie Baba bado.

Eldred


Sculpin Cove
16 Aprili 2023

Dada Melvina,

Salamu zako nimezipata kwa Hubert, na jemu zangu tatu nimezikuta kabatini. Mke wa Hubert hajambo, ananilisha kama ng'ombe wa maonyesho na kunitukana kwa kiasi hichohicho, na yote nayastahili.

Sikiliza kazi iliyofanyika. Daktari ametuachia jiko bure. Watu wake wa bima wamesikia kwamba limewashwa, sasa hawalitaki ndani ya nyumba yake, kama wale wetu zamani. Tumelibeba wanaume sita kuvuka ghuba kabla barafu haijalainika. Mashine nimeing'oa. Dohani nimeifungua, nikatoa viota viwili. Kuni nimekata na Hubert wiki tatu, tukazivuta kwa sleji ya mbao inayoteleza, asubuhi theluji ikiwa ngumu. Nimezipasua zote. Mikono yangu imekuwa nyama tupu, na sijalala vizuri hivi tangu nilipokuwa kijana. Muuguzi amekuja, ametazama, amesema nyumba inafaa.

Jumamosi ya tarehe sita Mei nakuja na gari la Hubert kumchukua Baba.

Lazima nikwambie moja, maana nimeapa sitaficha tena. Nilipita hapo mjini tarehe ishirini Machi. Nilisimama nje ya makao, nikamwona Baba dirishani. Sikuingia. Nilitaka kwanza niwe na kitu cha kumwonyesha. Sasa ninacho.

Eldred


Mjini, juu ya duka la dawa
27 Aprili 2023

Mdogo wangu,

Barua yako imenifikia na nimeisoma kwa Baba yote, hata pale uliposimama nje ya dirisha. Sikukata neno. Tumechoka na karatasi za pili.

Hajambo kwa kiasi chake. Amekonda. Huku wanapasha joto mpaka wazee wanakaa na vesti wakijipepea kwa magazeti, na Baba amewaambia wote, wauguzi na wapishi, kwamba joto hili analipia mwanawe aliye Alberta. Sikumkanusha. Nilipofika kwenye habari kwamba umerudi, aligeukia dirishani, nikadhani ameona haya mbele ya wenzake. Kumbe alikuwa anafikiria kazi.

"Kuni amekata lini?" akaniuliza.

Nikamwambia Machi na Aprili, Baba, yeye na Hubert.

"Mbichi hizo."

Nikamwambia Hubert anazo kavu, ametupa mzigo mzima, moto upo hata leo. Akanitazama kama mtu anayezungumza na mtoto. "Kuni za Hubert ni moto wa Hubert. Za mwanangu zinataka kiangazi kizima. Mwambie asiziwashe, zitaziba dohani. Mwambie nitarudi Oktoba, zikiwa tayari." Akageuka ukutani akalala, ameridhika, kama mtu aliyemaliza kupanga safari.

Eldred, daktari wa hapa alinikalisha Jumatatu. Pafu halikupona, na moyo umeanza kuchoka nalo. Anasema atafika Julai pengine. Hakusema Agosti.

Nimemwambia Baba sawa, Oktoba. Uongo huo nimeubakiza, nisamehe, na wewe ukija uuseme hivyohivyo usoni pake. Ungekuwa umezikata mwaka jana, sasa zingekuwa kavu. Mimi ningekuwa nimemwambia Hubert neno moja Januari, pafu lisingeingia maji. Tumegawana kosa, hakuna mwenye fungu dogo.

Kila asubuhi sasa ananiuliza umezipangaje, nami sijui la kumjibu. Kwa hiyo zipange leo, upande wa jua, gome juu mvua isiingie, uache nafasi ya upepo kupita. Kisha panda gari uje. Usingoje hiyo Jumamosi yako, wala usingoje zikauke.

Dada yako,
Melvina